Neno Lililombakia Mzee Mnada

Mpaka siku kiharusi kilipomwangusha, Mzee Mnada alikuwa mtu wa kula kwa mdomo wake, yaani mdomo ndio uliomlisha. Alipiga mnada maisha yake yote: makabati ya watu waliohama, baiskeli zisizo na mnyororo, vitanda ambavyo wenyewe wangeona aibu kuvitoa nje mchana. Aliweza kumuuzia kiti cha miguu mitatu mtu aliyekuja kutafuta meza, na mtu yule akaenda zake akishukuru. "Haya, haya, haya, nani anaongeza? Haya!" Sauti hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake na kumjengea nyumba.

Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, kisha kikazoa maneno yote. Lilibaki hilo moja. Akitaka maji, anasema, "Haya." Akisikia baridi, "Haya." Akikasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama, anafungua kinywa na linatoka neno lilelile. Maneno mengine hayakupotea kichwani. Alikuwa nayo, anayaona kabisa, lakini yakifika ulimini yanageuka. Hata kichwa chenyewe kilimsaliti: akitaka kukataa pengine aliitikia, akitaka kukubali pengine alitikisa. Hospitali walimwambia binti yake asikitegemee sana kichwa hicho, kwa kuwa njia za ndani zimevurugika.

Binti alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, wa kutoka asubuhi na begi la vifaa na kurudi amechoka. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, ambaye kila mtu alimwita Shangazi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu wazima. Kila asubuhi walimtoa Mzee uani na kiti chake cha magurudumu, wakamweka kivulini karibu na tangi la maji, na hapo ndipo alipoyatazama maisha.

Nyumba ilikuwa na wanyama wawili, na kwa ajili yao ilikuwa imegawanyika tangu zamani. Mbwa alikuwa wa Mzee. Aliitwa Baunsa, mweusi, mkubwa, sikio moja limechanika, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Paka alikuwa wa msusi. Aliitwa Pamba, mweupe, mlaini, na wateja waligombania kumpakata wakingoja zamu.

Enzi za ulimi wake, Mzee hakumwacha paka yule apumzike. "Mbwa ukimtupia mfupa mmoja anakukumbuka mpaka uzeeni," alikuwa akisema. "Paka umpe samaki mzima, anakutazama kama anauliza wa pili yuko wapi. Paka anapenda nyumba, hampendi mwenye nyumba." Binti yake naye hakukubali kushindwa. "Baba, Pamba anajiogesha mwenyewe. Huyo wako ukimwogesha anakwenda kujigaragaza jalalani." Na wateja wakaongeza yao: kwamba mbwa mweusi ana hasira ya kuzaliwa nayo, kwamba paka anajua mtu mwovu kwa kumtazama tu, kwamba paka ana roho saba. Watu walicheka, nywele zikasukwa, siku ikaisha.

Sasa siku moja ya Jumamosi saluni ilijaa. Msusi alikuwa na kichwa kimoja mikononi na viwili vinamngoja. Shangazi akachoka kuambiwa asishike hiki na asishike kile. Akachota vimpira vyekundu vya kufungia nywele, akatoka uani. Pamba alikuwa amelala juu ya kifuniko cha pipa. Mtoto akavuta kiti kidogo, akakaa nyuma yake, akaushika mkia.

"Tulia, mteja," alisema. "Nakusuka. Usitikisike."

Mzee alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alicheka kimoyomoyo. Kimpira cha kwanza kilipita. Cha pili mtoto alikizungusha mara mbili, akakivuta. Paka aliamka, akataka kushuka. Shangazi akaukamata mkia kwa mikono yote miwili.

"Mteja haondoki kabla hajamaliza."

Mzee aliona masikio ya paka yakilala nyuma. Aliona mgongo ukipinda. Alijua kabisa kinachokuja, na alikusanya nguvu zake zote amwambie mtoto aache, amwachie, asogee.

"Haya," alisema. "Haya, haya."

Shangazi akamgeukia babu yake. Akatabasamu kwa kuungwa mkono, akavuta zaidi.

Pamba aligeuka mara moja tu. Kucha zilipita chini ya jicho mpaka karibu na taya. Mtoto akaanguka na kiti chake, akapiga yowe. Baunsa akaja mbio kutoka getini, akamkurupusha paka, paka akapanda tangi, kutoka tangi akaruka ukuta, akapotea. Mbwa akamrudia mtoto. Alikuwa na tabia ya kulamba chochote alichokihurumia, hata mguu uliokufa wa Mzee alikuwa akiulamba. Akaanza kumlamba mtoto usoni.

Msusi alitoka na kitana mkononi, na hicho ndicho alichokikuta: mwanawe yuko chini, damu, na mdomo wa mbwa mweusi juu ya uso wake.

Akashika ufagio. Alimpiga Baunsa mpaka mpini ukavunjika. Mbwa hakukimbia, alijikunyata chini ya kiti cha Mzee.

"Haya," Mzee alisema. "Haya, haya, haya."

"Nimeona, Baba. Nimeona mwenyewe." Alikuwa tayari amembeba mtoto. "Baunsa amekuuma? Mwanangu, niambie mama. Ni Baunsa?"

Mtoto alikuwa analia hadi pumzi zinakatika. Alisikia jina, akaitikia kwa kichwa.

Wateja wakajaa uani. Mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akajipiga mapajani. "Nilisema mimi. Jicho la mbwa huyu sikulipenda toka siku ya kwanza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Wakaenda naye zahanati, saluni ikabaki wazi, na Mzee akabaki uani na mbwa. Ardhini, mbele ya pipa, vilikuwapo vimpira viwili vyekundu na manyoya meupe yamenaswa ndani yake. Alivitazama muda wote huo. Aliwaza kwamba watakaporudi, atavionyesha tu, na hakuna atakayehitaji maneno.

Zahanati mganga aliliinamia jeraha. "Mbona kama mikwaruzo?"

"Ni mbwa, daktari," msusi alisema. "Nimemkuta mdomo uko usoni mwa mtoto. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mganga hakubishana. Kichaa cha mbwa si kitu cha kubahatisha. Alisema mtoto achomwe sindano, aje tena na tena mpaka zikamilike, na mbwa afungwe aangaliwe.

Waliporudi, Mzee aliinua mkono wa kushoto. Aliunyoosha moja kwa moja kwenye vile vimpira. "Haya," alisema. "Haya."

Binti yake akafuata kidole. Aliona michirizi ya damu iliyokauka mchangani. Akafunika uso kwa kiganja.

"Jamani, Baba yangu. Tumekuacha hapa unaangalia damu ya mjukuu wako." Akaenda kuchukua fagio la chelewa, akafagia pale mahali pote, damu, nywele, vimpira, manyoya, akazoa na kumwaga kwenye pipa la taka. Kisha akamfunika baba yake miguu kwa kanga. "Basi. Yamekwisha."

Pamba alirudi jioni ileile kama hakutokea jambo. "Maskini," msusi alisema akimpapasa. "Hata paka wa watu alikimbia kwa hofu."

Sindano zilianza. Kila waliporudi, Shangazi alishuka mgongoni kwa mama yake akaenda moja kwa moja kwa babu, akajilaza kwenye goti lake akilia kwa sauti iliyokwisha chakaa. Mzee alimpapasa kwa mkono wa kushoto. Jinsi mtoto alivyokuwa akipata nafuu, ndivyo hadithi yake ilivyozidi kunenepa. Aliwasimulia wateja jinsi Baunsa alivyomrukia, jinsi meno yake yalivyo makubwa, jinsi yeye alivyompiga ngumi. Wateja walimpa biskuti. Mtoto hakuwa mwongo. Aliulizwa na watu wazima mara nyingi, na majibu waliyoyapenda yakawa ndiyo anayoyakumbuka.

Mzee hakumchukia mtoto, na jambo lililomshangaza mwenyewe ni kwamba hata paka hakumchukia. Aliona mkia ulivyovutwa. Yeye aliyemsema mnyama yule miaka yote, kama angerudishiwa ulimi kwa dakika moja, angewatetea mbwa na paka pia. Lakini alijua pia kwamba hata ulimi huo usingemsaidia sana. Wangesema, huyo ni Mzee na mbwa wake, na hajawahi kumpenda paka.

Mbwa hakuonyesha dalili ya kichaa. Alilala kwenye kamba yake na kunyanyua mkia kila kiti cha Mzee kilipopita. Hata hivyo hakuna aliyezungumzia kumfungua.

Jioni moja mkwe alikuja akachuchumaa mbele ya kiti. Alikuwa amenawa na kubadili shati.

"Mzee wangu," alisema, "mbwa ni wako. Siwezi kumtoa nyumbani bila wewe kuniruhusu, nitakuwa nimekukosea heshima. Kuna mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mbwa wa kulinda. Hatauawa, hilo nimehakikisha. Ila hapa na mtoto hawezi kukaa. Nimpeleke?"

Mzee alijua neno lile litamgeuka. Kwa hiyo aliubana mdomo, akaukaza kwa nguvu zote, akatikisa kichwa. Akatikisa tena.

"Anatikisa," mkwe alimwambia mkewe.

"Kichwa walituambia tusikitegemee," msusi alijibu kutoka mlangoni. "Jana nilimuuliza kama anataka kulala akatikisa hivyohivyo, nilipomlaza akapitiwa hapohapo." Akasogea, akainama sikioni pa baba yake. Sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Baba, sema mwenyewe. Tumtoe Baunsa?"

Mzee alilitafuta neno "hapana." Alilipata. Alilishika kama mtu ashikavyo kitasa gizani, akafungua mdomo alitoe kabla halijateleza.

"Haya," alisema.

Mkwe akainamisha kichwa. "Asante, Mzee. Najua si jambo dogo." Akampa mkono, na Mzee akaukamata kwa mkono wake wa kushoto, akaung'ang'ania, hakutaka kuuachia. Mkwe akaweka na mkono wake wa pili juu yake, machozi yakamlengalenga, akiamini kwamba amepewa baraka.

Walimpakia Baunsa kwenye gari dogo la mizigo asubuhi iliyofuata. Hakubisha. Alipandishwa, akakaa, akatazama upande wa tangi. Mzee alianza kuupiga mkono wa kiti kwa kiganja, pa, pa, pa. Msusi akaona baba yake anaumia. Akakishika kiti, akakigeuza, akamwelekeza ukutani ili asione.

Baada ya hapo nyumba ilitulia. Jeraha la Shangazi likafunga na kuacha mistari mitatu shavuni. Mzee siku nyingine alikula, siku nyingine aliacha kijiko kikamgonga meno asifungue. "Huzuni ya mbwa," watu walisema. "Itapita."

Kiangazi kilikuwa karibu kuisha siku msusi alipokuwa akifagia saluni na kumkuta Pamba chini ya kiti, rundo la nywele za bandia limejifunga mkiani mwake. Akamshika ili amfungue, akavuta. Paka akageuka mara moja. Msusi aliuma meno, akaenda bombani kuosha mkono. Maji yalipoisafisha damu, alibaki akiutazama. Mistari mitatu, imekwenda sambamba, wa tatu mfupi kuliko wenzake. Mistari hiyo alikuwa akiipaka mafuta kila asubuhi kwenye shavu la mwanawe.

Akamwita mtoto.

"Shangazi, ile siku ya Baunsa, ulikuwa unafanya nini uani?"

"Nilikuwa namsuka mteja."

"Mteja gani?"

"Pamba. Nilikuwa namfunga vimpira."

"Halafu?"

"Halafu Baunsa akaniuma," mtoto alisema, bila hata kufikiri.

Msusi akatoka uani, mkono bado unachuruzika maji. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwonyesha.

"Baba. Ni Pamba aliyemkwaruza mtoto?"

Mzee alimtazama. Uso wote ulimcheza, upande mzima na upande uliolala. "Haya," alisema.

Moyo ukampasuka msusi. Lakini hapohapo akaogopa, akaona lazima ahakikishe. "Au ni Baunsa?"

Mzee alipigana. Binti aliona jinsi alivyopigana, jinsi midomo ilivyotafuta umbo jingine na kulikosa.

"Haya," alisema. Machozi yakaanza kumtoka, yakashuka upande mmoja haraka na upande mwingine polepole.

"Siku ile ulininyooshea kidole," msusi alisema taratibu. "Haikuwa damu, sivyo? Kulikuwa na kitu."

"Haya."

Naye hakuweza kujua. Angeuliza mpaka jioni, angejibiwa hivyohivyo. Alimkumbatia magoti.

Mumewe aliporudi alisikiliza yote. "Paka kukwaruza ni kazi yake," alisema. "Haimaanishi mbwa hakuuma." Kisha akaongeza, "Lakini twende tukamwone. Jumapili. Na Mzee tumchukue."

Yadi ya vifaa vya ujenzi ilikuwa na marundo ya kokoto, nondo, na saruji iliyofunikwa turubai. Mwenyewe aliwapokea kwa furaha, akamshukuru fundi mbele ya watu.

"Huyu si mbwa wa mchezo," alisema. "Uliponiambia aliuma mtoto, nikajua nimepata. Asubuhi simpi kitu, maana mbwa akishiba halindi, anakuwa mgeni kama wengine. Na asikae na watu, watamlegeza. Mwezi jana tu kamkamata mbeba saruji pajani, akachanika hasa." Alisema hivyo kama anasifia mwanafunzi wake.

Baunsa alikuwa nyuma ya nondo, kwenye mnyororo. Mbavu zilihesabika. Alipowaona aliruka mpaka mnyororo ukamkaba na kumrudisha chini, akaruka tena, meno nje, povu mdomoni. Mnyororo ulikuwa umechimba duara ardhini, na ndani ya duara hilo hapakuwa na hata jani.

Walikisukuma kiti cha Mzee mpaka karibu na duara. Magurudumu yalizama kwenye kokoto, mkwe akayanyanyua. Mbwa alizidi kubweka.

Zamani Mzee alikuwa akimwita kwa mluzi, mluzi mfupi wa sauti mbili, na Baunsa angeacha hata mfupa. Sasa aliikusanya midomo yake. Upande mmoja ulikubali, mwingine ukaning'inia. Akapuliza. Ikatoka pumzi tupu na mate. Akapuliza tena. Binti yake alitaka kumfuta kidevu, akauzuia mkono wake mwenyewe, akamwacha ajaribu. Kwa nukta moja mbwa alinyamaza, sikio zima likasimama. Halafu mbeba mizigo akapita na bati begani, bati likalia, na Baunsa akamgeukia huyo kwa hasira zote, akasahau kama kulikuwa na mtu mwingine.

"Tunaweza kumrudisha?" msusi alimuuliza mwenye yadi.

"Ameshazoea kazi, dada yangu. Na mkimchukua, mtamweka wapi? Si mna mtoto?"

Msusi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akimtazama mbwa.

"Sasa hata kama siku ile hakuuma," mume alianza, na hakumalizia.

Mzee bado alikuwa anapuliza. Walimgeuza taratibu, wakamsukuma kuelekea getini, na kwenye kokoto ilibidi wamnyanyue yeye na kiti chake.

Asubuhi iliyofuata msusi alipokwenda kumpa baba yake kifungua kinywa, hakumuuliza anataka nini kama ilivyokuwa desturi. Alileta vikombe viwili, kimoja cha maziwa yenye sukari aliyompa kila siku tangu atoke hospitali, kingine cha chai ya rangi. Akaviweka kwenye trei juu ya mapaja yake, akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Mzee aliviangalia vikombe, akamwangalia binti yake, akaviangalia tena. Mkono wa kushoto ukainuka. Kwa ncha za vidole alikisukuma kikombe cha maziwa, kidogo kidogo, mpaka kikafika ukingoni mwa trei, na msusi akakidaka kabla hakijaanguka.

"Hupendi maziwa?" aliuliza.

Mzee alikuwa ameshashika kikombe cha chai.

"Muda wote huu, Baba? Kila asubuhi nilikuuliza, ukanijibu haya, nikakunywesha."

Akakaa chini mchangani kando ya gurudumu, kikombe cha maziwa mkononi. Kwenye mlango wa chumba cha mbele mteja wa kwanza alibisha hodi, akabisha tena, na Shangazi akaenda kumfungulia na kumwambia akae, angoje zamu yake.